Tuandikieni Kilichomo Ndani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Ubungo, Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: HAKI YA MNUNUZI KUJUA KILICHOMO KWENYE VIPODOZI NA DAWA ZA USAFI



Ninaandika kama mnunuzi. Si mkemia wala daktari. Nafua, napiga deki, najipaka mafuta na kwenda saluni kama watu wengine wa mjini, na tangazo moja nimelisikia redioni hadi nalijua kwa moyo: wananchi waepuke vipodozi vyenye viambato vya sumu, na dawa za usafi zitumike kwa uangalifu. Neno ni jema. Tatizo ni kwamba anayetaka kulitii akifika dukani anakwama, kwa kuwa kile alichoambiwa akiepuke hakina jina. Kiko kwenye kikopo cha plastiki kisicho na karatasi, au kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, au kwenye boksi la Kifaransa lenye maandishi madogo hata mwenye miwani hayasomi.

Ombi langu ni moja, na mengine yote katika barua hii yanalizunguka. Hakikisheni kwamba hakuna kitu cha kupaka mwilini wala cha kusafishia nyumba kinachouzwa nchini bila kuandikwa kwa Kiswahili ni nini, kina hatari gani na kimetoka kwa nani. Kumwambia mtu aepuke sumu bila kumwonyesha ilipo ni kumwandalia lawama mapema, ili akidhurika tuseme aliambiwa akakaidi.

Sitaki nieleweke kwamba naziogopa kemikali. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na sabuni ya mche ni mafuta yaliyokutanishwa na kostiki soda, vyote viwili vikageuka kitu cha tatu ambacho mama anamwogeshea mtoto. Wala sidanganyiki na neno "asilia" linalobandikwa siku hizi kwenye kila chupa. Ndimu ni ya asili kabisa, lakini jipake maji yake uende juani uone ngozi inavyobabuka. La kuuliza ni kemikali ipi, kwa kiasi gani, inagusa wapi, na anayeitumia ameambiwa nini.

Nianze na mkorogo, maana huko jina linafichwa kwa makusudi. Muuzaji anachukua krimu mbili tatu za kung'arisha ngozi, anaongeza tyubu ya dawa ya ngozi kutoka duka la dawa, anakoroga, anapima kwenye vikopo. Mteja anaondoka na masharti mawili: asipigwe na jua, na asiache kupaka. Hapa tunauziwa mbuzi kwenye gunia, na tofauti ni kwamba mbuzi huyu anaingia kwenye damu.

Mara nyingi kilichomo ni kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali. Vyote vilikuwa kwenye orodha ya marufuku tangu enzi za Mamlaka ya Chakula na Dawa, chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, kabla Sheria ya Fedha ya 2019 haijawakabidhi ninyi jukumu la vipodozi. Kwa hiyo hapa hatudai sheria mpya.

Zebaki huzuia kimeng'enya kinachoipa ngozi weusi wake. Lakini haikai kwenye ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu na kwenda kutulia kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Onyo hilo lilitolewa hapa jirani, zaidi ya nusu karne iliyopita, na watu walioandikwa humo walikuwa wa kwetu. Baadaye wachunguzi wa Marekani, katika majimbo ya California na Virginia mwaka 2010, walikuta zebaki hata kwa watu wa nyumbani ambao hawakuwahi kupaka krimu yenyewe, wakiwemo watoto. Zebaki hutoa mvuke, na mikono, taulo na mashuka huisambaza. Mama akijichubua, nyumba nzima inashiriki bila kuulizwa.

Ndiyo maana dunia ikaingia mkataba. Mkataba wa Minamata, wenye jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wakazi wakaila ndani ya samaki, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ni mwanachama. Mwanzoni uliruhusu zebaki isiyozidi sehemu moja kwa milioni katika vipodozi. Mkutano wa Geneva wa 2023 ukakifuta hata kiwango hicho na kuweka ukomo wa mwaka 2025. Kwa lugha ya mkataba, krimu yenye zebaki ya kuongezwa haipaswi tena kutengenezwa, kuingizwa wala kusafirishwa.

Lakini tazameni namna habari hii inavyomfikia mnunuzi. Kwenye baadhi ya maboksi kuna onyo la Kiingereza kwamba krimu isigusane na fedha, dhahabu, alumini wala mpira. Anayelisoma hudhani ni ushauri wa kutunza pete yake ya ndoa. Shirika la Afya Duniani limelitaja onyo hilo kuwa dalili ya kuwepo kwa zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo na kuyaharibu. Mtengenezaji amejali pete akaziacha figo. Nani amemweleza mwanamke wa Mbagala kwamba mstari huo mmoja ndio uliobeba habari yote?

Haidrokwinoni nayo hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kile kile. Mwanzo hupendeza. Baada ya miaka ya kupaka chini ya jua letu, kwa baadhi ya watu ngozi hulipiza kwa mabaka meusi yenye rangi ya kijivu, mashavuni na chini ya macho, na mabaka hayo ni magumu mno kuyatibu. Mhusika akiyaona huongeza krimu ili kuyafuta, na krimu inayazidisha. Afrika Kusini, iliyokuwa imeona madhara hayo kwa watu wengi mno, iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990.

Steroidi kama klobetasoli zina mkasa wake. Hizi ni dawa halali kabisa. Daktari huiandika klobetasoli kwa ukurutu sugu au ugonjwa mwingine wa ngozi, na maelekezo yake ya kawaida ni kwamba isizidi wiki mbili mfululizo. Ndani ya mkorogo hupakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka. Ngozi hukonda hadi mishipa ikaonekana, michirizi hutokea mapajani na mikononi, chunusi hujaa usoni, vidonda huchelewa kupona, na dawa inayopenya ndani inaweza kupandisha sukari na presha. Lile sharti la pili la muuzaji, la kutoacha kupaka, lina sababu yake hapa. Ukiacha ghafla, ngozi iliyozoea steroidi huwaka, huwa nyekundu na kuwasha kiasi kwamba mtu huirudia mwenyewe bila kushawishiwa. Muuzaji anayajua haya, au angalau ameyaona kwa wateja wake. Asiyeyajua ni mnunuzi.

Nihamie saluni. Dawa ya nywele, iwe ile yenye kostiki soda au ile inayoitwa ya upole yenye kalsiamu haidroksaidi, hunyoosha nywele kwa kuvunja vifungo vya protini ndani ya unywele. Ili iweze kazi hiyo lazima iwe na ukali wa pH inayozidi 12, na kitu chenye uwezo wa kuvunja protini ya unywele hakiiachi ngozi ya kichwa salama. Kipimo cha muda katika saluni nyingi ni kilio cha mteja: "Ikianza kuchoma, sema." Maana yake tunaosha ngozi ikiwa imeshaanza kuungua. Boksi lina dakika zilizoandikwa, lina onyo la kutopaka juu ya kidonda wala siku ile ile uliyofumua na kukuna kichwa, lakini boksi limebaki kwenye rafu ya duka la jumla. Msusi ana kopo kubwa tu, na mteja ana kioo.

Katika miaka ya karibuni yamezuka maswali mazito zaidi. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wasiowahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hii unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hautoi hukumu ya moja kwa moja kwamba hili limesababisha lile, na idadi yenyewe bado ni ndogo. Lakini mwanamke anayekwenda kuweka dawa kila baada ya wiki sita anastahili kuzijua asilimia hizo mbili akaamua mwenyewe.

Kwa wenzangu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, liko jambo la piko. Hina ya majani haina ugomvi na watu wengi. Hutoa wekundu na hudhurungi, inataka saa kadhaa kukolea, na bibi zetu waliijua. Piko ni jambo jingine. Ule weusi wa wino unaokolea kwa muda mfupi kwenye mikono ya bibi harusi hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 inapopakwa, na hairuhusiwi kuchorwa kwenye ngozi. Mwili ukiikataa, maua yale yale ya harusi huvimba yakawa malengelenge, na aliyepata mzio huo mara moja hubaki nao maisha. Kila atakapogusa rangi ya nywele, mwili utakumbuka. Ikimezwa ni balaa. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum, nchini Sudan, waliandika kuhusu watoto 31 waliopata sumu ya rangi hiyo iliyochanganywa na hina. Uso na shingo huvimba hadi njia ya hewa ikabanwa, na baadhi ya watoto hao walifariki.

Sisemi tuache kupamba maharusi. Nasema mpambaji aweze kuonyesha pakiti, na pakiti iseme kwa Kiswahili: hii ni rangi ya nywele, usiichore kwenye ngozi, usimpake mtoto.

Sasa jikoni na chooni. Sabuni ya maji ya mtaani imewapa maelfu ya kina mama ujira, na naiheshimu kazi hiyo. Wengi wamefundishwa kwenye semina ya siku moja: salfoniki asidi, soda ashi, slesi, chumvi, rangi, manukato. Kisha linakuja jina la mwisho, fomalini, "ili isiharibike". Fomalini ni maji yenye fomaldihaidi, ndiyo ile inayohifadhia maiti, na fomaldihaidi iliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2004. Anayepata dozi kubwa ni mtengenezaji mwenyewe, anayeimimina bila kipimo ndani ya chumba kisicho na dirisha, mtoto mgongoni. Asidi nayo isipowiana sawasawa na soda ashi, sabuni huwa kali upande mmoja au mwingine. Mfuaji anarudi nyumbani vidole vimechubuka na anadhani ni kazi nyingi. Karatasi ya kupimia pH, ambayo bei yake si kubwa, ingemwambia mtengenezaji ukweli kabla ya kujaza chupa.

Chupa yenyewe ndiyo hatari nyingine. Sabuni, jiki ya kupima, asidi ya kung'arishia vigae na mafuta ya taa vyote vinauzwa kwenye chupa za maji na soda, kizibo kile kile, mara nyingine rangi ile ile ya kinywaji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa anaitambua. Akimeza kitu chenye kostiki, umio huungua, na kovu lake huubana hadi chakula kisipite, akabaki mgonjwa wa kupanuliwa umio hospitalini kwa miaka. Mzazi akihangaika humtapisha, kumbe kutapisha ni kumuunguza mara ya pili. Hilo nalo lingeandikwa kwenye lebo.

Halafu kuna kuchanganya. Fundi usafi anataka choo king'ae, anamwaga jiki na juu yake asidi. Jiki ni sodiamu haipokloriti, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha kwenye vita vya Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Jiki ikikutana na amonia, iwe ya dawa ya vioo au ya mkojo uliokaa, hutoa mvuke mwingine unaochoma macho na mapafu. Chupa ya kiwandani ina maneno "usichanganye". Ya kupima haina neno lolote. Na anayesafisha choo cha ofisi au gesti kwa ujira wa siku hupewa ya kupima.

Dawa ya kunguni, mende na panya naitaja kwa kupita tu, kwa kuwa viuatilifu vina mamlaka yake. Kila mkazi wa Dar es Salaam amesikia kipaza sauti cha mchuuzi wake. Sauti inataja wadudu wote. Haitaji hata siku moja jina la dawa.

Hapo ndipo penye jambo jingine linalomchosha mwananchi. Vipodozi ni ninyi. Dawa za ngozi zinazoishia kwenye mkorogo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kemikali za viwandani na majumbani ziko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Viuatilifu ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mgawanyo huo una maana ofisini. Dukani, vitu vyote vinne viko kwenye rafu moja, na aliyeungua hajui aanzie mlango gani.

Baada ya kusema hayo, naomba mambo matano.

Kwanza, lebo ya Kiswahili iwe sharti la kuuza, na isihesabiwe kuwa hisani ya mtengenezaji. Najua mtasema majina ya viambato ni ya kimataifa. Yabaki hivyo hivyo, kwa kuwa daktari wa hospitali ya Bugando na wa Mumbai wanapaswa kusoma jina moja. Ninachoomba kiongezwe ni mambo machache: hiki ni kitu gani, kinatumikaje, nani asikitumie, kisichanganywe na nini, kikimezwa au kuingia machoni ufanye nini, na aliyekileta anapatikana wapi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha inayotosha kumhukumu mtu inatosha kumwonya.

Pili, tofautisheni aina mbili za kuuza kwa kupima. Mkorogo wa kupima usiruhusiwe kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kuukagua, hata aliyeukoroga. Sabuni na jiki za kupima ziruhusiwe kwa masharti, maana maskini hununua kwa pesa ya siku na kumnyima kipimo kidogo ni kumnyima usafi. Sharti liwe chombo kisicho cha kinywaji na karatasi ya kubandika iliyochapwa. Karatasi hiyo mngeweza kuisanifu ninyi wenyewe na kuigawa bure kwa wauzaji waliojiandikisha, kila dawa na rangi yake, na alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa.

Tatu, orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku itoke kwenye tovuti iende walipo watu: kliniki ya wajawazito, ofisi ya kata, mlango wa soko, saluni. Iwe na picha za maboksi, kwa sababu mnunuzi hukumbuka rangi ya kopo kabla ya jina. Na iwepo namba moja ya ujumbe mfupi, inayofanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, ambayo mtu akituma jina la krimu anajibiwa: imesajiliwa, haijasajiliwa, au ni marufuku. Namba hiyo iwe ya mamlaka zote nne kwa pamoja, nanyi mgawane kazi huko ndani.

Nne, majibu ya maabara yachapishwe. Tunaona kwenye habari shehena ikikamatwa na kuteketezwa, na tunawapongeza. Lakini picha ya moto haimfundishi aliyenacho kikopo chumbani. Tuambieni mlipima nini, mkakuta nini, kwa kiasi gani. Na zile zenye zebaki zitengwe kabla ya yote, kwa maana moto hauiangamizi zebaki. Huigeuza mvuke, na mvuke huo unarudi kwetu na mvua.

Tano, wasaidieni watengenezaji wadogo kabla ya kuwaadhibu. Mna utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wanaokuja na barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Uongezeeni somo moja la lazima: kupima pH, kuvaa glavu, kufungua madirisha, na kuachana na fomalini. Sabuni ya mche haihitaji kihifadhi, na kwa sabuni ya maji vipo vihifadhi vingine ambavyo wakemia wenu wanavifahamu kuliko mimi. Chaguo lenye nafuu zaidi kwa mtengenezaji ni kutengeneza kidogo kidogo, cha kuuzika kwa wiki chache, na kuandika tarehe.

Najua hoja itakayokuja. Wapo watakaosema lebo itapandisha bei na kuwasukuma watu kwenye magendo zaidi. Kwa mkorogo, bidhaa yote ni magendo tayari, na bei yake kamili hulipwa baadaye kwenye wodi ya figo. Kwa sabuni, gharama ya karatasi ya kubandika ni ndogo ukilinganisha na chupa na manukato. Wapo pia watakaosema watu hawasomi lebo. Ni kweli wengi hatusomi, lakini hatujapewa cha kusoma. Tangazo la dawa ya mchuuzi tunalikariri kwa sababu liko kwa lugha yetu na linarudiwa kila siku. Na lebo haisomwi na mnunuzi peke yake. Inasomwa na muuguzi wa zamu saa nane usiku, mtoto aliyemeza kitu akiwa kitandani, chupa ikiwa mkononi mwa baba yake. Chupa isiyo na jina inamfanya muuguzi huyo abahatishe.

Sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu, wala siikwepi. Tuikatae krimu isiyo na boksi. Tumwombe msusi atuonyeshe kopo na saa ya ukutani. Piko tuikatae kwa mabinti wadogo hata kama shangazi amenuna. Jiki itumike peke yake, dirisha likiwa wazi, na asidi ikae juu, mbali na mikono ya watoto. Aliyetumia mkorogo kwa muda mrefu asiuache kwa siku moja kwa kuogopa barua hii. Aende kwa daktari wa ngozi, amwambie ukweli bila aibu, apunguziwe kwa utaratibu na kupimwa figo, sukari na presha. Hayo tunaweza. Tusichoweza ni kuona ndani ya kopo. Maabara mnazo ninyi, na mamlaka ya kumlazimisha mwenye kopo aandike mnayo ninyi.

Naomba barua hii ijibiwe kwa uwazi kama ilivyoandikwa, na jibu litaje mambo mawili: lini lebo ya Kiswahili itakuwa sharti kwa kila kipodozi na kila dawa ya usafi, na namba ya ujumbe mfupi itaanza kazi mwezi gani. Tukizipata tarehe hizo, tutazibandika kwenye milango ya saluni zetu na kuzihesabu pamoja nanyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mnunuzi,
Dar es Salaam.

Nakala:
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba
Mkemia Mkuu wa Serikali
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu
SIDO
Wenye saluni, wapambaji na wauza vipodozi wote